Umesoma kwa Nani?

Mwaka 1908, Vita vya Maji Maji vikiwa vimezimwa mwaka mmoja tu nyuma, maofisa wa Kijerumani huko Lindi walitia mkononi barua iliyowakosesha usingizi. Barua ilidai kuandikwa na Sheikh Ahmad, mtunzaji wa kaburi la Mtume kule Madina. Sheikh huyo, kwa maelezo yake mwenyewe, alimwona Mtume ndotoni akisikitika kwamba umma umeacha sala, umezama katika maasi, na Kiyama ki mlangoni. Aliyeipokea alitakiwa aifikishe kwa wenzake. Watu wakainakili kwa mkono, ikatembea pwani kwa kasi, ikapanda bara. Serikali ikanusa uasi. Ikamshuku Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mfanyabiashara aliyetamba Ujiji na Tabora kabla ya kushindwa vitani na majeshi ya Dola Huru ya Kongo na hatimaye kuhamia Unguja. Gavana Rechenberg akaviagiza vituo vyake vieleze hali ya Uislamu katika koloni zima.

Lakini barua yenyewe haikuwa ngeni duniani. Mwanachuoni wa Kiholanzi, Snouck Hurgronje, alikuwa ameiandikia makala tangu miaka ya 1880, ilipowafikia Waislamu wa Java. Baadaye sana, katika karne ya 20, Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudi Arabia aliitungia risala nzima ya kuikanusha. Na hata leo, ukikaa muda wa kutosha katika grupu lolote la WhatsApp la Waislamu wa Afrika Mashariki, itakufikia: Sheikh Ahmad yule yule, ndoto ile ile, pamoja na idadi ya watu wa kuwatumia na vitisho kwa atakayeipuuza. Zaidi ya karne nzima imepita na mtunzaji huyo wa kaburi hajafa wala hajastaafu.

Nimeanza na barua hiyo kwa sababu sura hii inahusu Usinge, na Usinge imekaa njiani, mahali ambapo maneno kama hayo hupita. Ni kata ya Wilaya ya Kaliua, Mkoa wa Tabora, na ni stesheni ya reli ya kati: ukitoka Kaliua kuelekea Kigoma unaipita kabla hujafika Nguruka na Mto Malagarasi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo nchi hii ilivukwa kwa miguu. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika Unyanyembe, ikajaza tena mizigo, kisha ikashika njia ya magharibi kuelekea vivuko vya Malagarasi, chumvi ya Uvinza na soko la Ujiji. Wapelelezi Burton na Speke walipita mwaka 1858. Tippu Tip alipita mara nyingi kuliko alivyohitaji kuhesabu. Mirambo, mtemi wa Urambo, aliifunga njia na kuifungua kama alivyotaka yeye, na wenye bidhaa wakajifunza kumlipa hongo bila kunung'unika sana.

Dini ilikuja katika misafara hiyo hiyo, na haikuletwa na maulamaa wakubwa. Iliingia na wapagazi waliosilimu pwani, na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, na waungwana wa Bagamoyo, na Wamanyema waliotoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wengi wao wakiwa watumwa au wana wa watumwa. Wengi walikuwa na Fatiha, Yasini na sura fupi za Juzuu Amma. Waliopiga hatua walikuwa wameisoma Safina, kile kitabu kidogo cha fiqhi ya Kishafii alichokitunga Salim bin Sumair wa Hadhramaut, aliyefia Batavia katikati ya karne ya 19. Elimu ndogo. Ila kila mmoja aliweza kuulizwa swali moja na akalijibu: umesoma kwa nani?

Jibu lilikuwa jina la mtu, na mtu huyo alikuwa na mwalimu wake, na mwalimu naye alikuwa na wake. Katika tarika jambo hili liliandikwa kabisa. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, Tabora ilikuwa na sheikh wa Kadiria aitwaye Zahur bin Muhammad, na mnyororo wa Kadiria ya sehemu hizi ulipitia kwa Sheikh Uways wa Barawa, aliyezaliwa mwaka 1847 na kuuawa mwaka 1909, ukarudi nyuma kizazi kwa kizazi hadi kwa Abdulqadir al-Jilani, aliyefariki Baghdad mwaka 1166. Asiye na ijaza, yaani idhini ya sheikh wake, hakukalishwa kuongoza dhikri. Unaweza kuipinga tarika, na wako wengi Tabora wanaoipinga leo kwa sauti kubwa, lakini huwezi kuilaumu kwa kuficha ilikotoka.

Desturi hii ya kuuliza ni kongwe kuliko tarika. Muhammad bin Sirin wa Basra, aliyefariki mwaka 110 Hijria, amenukuliwa katika utangulizi wa Sahihi ya Muslim akionya kwamba elimu hii ndiyo dini, kwa hiyo mtu atazame anaichota kwa nani. Anaeleza pia kwamba zamani watu hawakuwa wakiuliza habari za wapokezi, mpaka fitina ilipotokea. Ndipo wakaanza kudai majina. Fitina ya simu imetokea, na swali tumelisahau.

Leo kijana wa Usinge, baba yake akiwa mkulima wa tumbaku, anaweza kufungua kiganjani vitabu vingi kuliko alivyowahi kuviona sheikh yeyote wa Tabora ya mwaka 1908. Akinunua bando, maktaba ya Kiarabu ya Shamela iko wazi, na maelfu ya vitabu vyake hayana bei. Bando likiisha, ipo memori kadi: unampa kijana wa kibanda cha simu hela kidogo anakujazia mawaidha, mengine ya masheikh walio hai na mengine ya waliokwisha tangulia, kama Sheikh Nassor Bachu wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013 na ambaye sauti yake ingali inafundisha. Sidharau neema hiyo. Taabu yake ni kwamba maneno yanafika peke yake, mtu kabaki nyuma, na mara nyingi hata jina lake limebanduliwa njiani.

Chukua Kurani yenyewe, kwa Kiswahili. Msomaji wa kawaida hudhani tafsiri ni moja. Ziko kadhaa, na kila moja ina baba yake. Ya kwanza kamili ilitoka mwaka 1923, kazi ya Godfrey Dale, padri wa misheni ya UMCA Unguja, na maelezo yake yalikusudiwa kuwapa wahubiri wa Kikristo silaha za kujadiliana na Waislamu. Ya pili ni ya Jumuiya ya Ahmadiyya, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1953 chini ya Sheikh Mubarak Ahmad, na hiyo inatuhusu sana huku bara, kwa kuwa Tabora ilikuwa miongoni mwa vituo vya mwanzo vya Ahmadiyya Tanganyika. Aliyemsaidia katika Kiswahili ni Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji na mwanafunzi wa Tabora School, ambaye baadaye alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri, na mwandishi wa kitabu cha sheria za kutunga mashairi kinachosomwa hadi sasa. Kiswahili cha tafsiri ile ni kizuri mno. Itikadi yake ndiyo iliyowafanya masheikh wa pwani wafunge kibwebwe: Sheikh Abdullah Saleh Farsy, Mzanzibari aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa Qurani Takatifu yake mwaka 1969, na maelezo yake mengi yanawajibu Maahmadia waziwazi. Kisha ikaja ya Ali Muhsin al-Barwani, waziri wa serikali ya Zanzibar iliyopinduliwa Januari 1964, aliyekaa gerezani karibu miaka kumi, akaishia Uarabuni. Yake ilichapishwa mwaka 1995, na ndiyo utakayokutana nayo zaidi mtandaoni: iko quran.com, na iko Tanzil, mradi ulioanza mwaka 2007 kwa lengo la kuhakiki maandishi ya Kiarabu ya Kurani herufi kwa herufi ili kompyuta zisiyakosee.

Sasa tatizo. Katika magrupu, tafsiri hizi hutembea zikiwa PDF zilizopigwa picha, na mara nyingi kurasa za mwanzo hazimo. Aliyeskani alizikata, ama kwa haraka ama kwa makusudi, na pamoja nazo amekata jina la mfasiri, mchapishaji na utangulizi. Umebaki na Kurani ya Kiswahili isiyo na baba. Utaijuaje?

Ipo njia ambayo kila mtu wa chuoni anaweza kuitumia. Matoleo ya Ahmadiyya huihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya kila sura iliyonayo. Kwa hiyo namba zao huzidi kwa moja. Fungua Suratul Ikhlas: katika misahafu iliyoenea kwetu ina aya nne, katika yao itakuwa na tano. Tafuta Ayatul Kursi katika Suratul Baqara: ikiwa ni ya 255, uko na wengi, ikiwa ni ya 256, umeshika toleo la Ahmadiyya. Suratul Fatiha haitakusaidia, kwa kuwa hapo Bismillahi huhesabiwa na pande nyingi. Huu si ushauri wa kukitupa kitabu. Mwenye hamu ya kujua Maahmadia wanasema nini hana pahala bora pa kusoma kuliko kwao wenyewe. Ila asome akijua yuko nyumba gani.

Jambo hilo hilo linahusu tovuti. Al-islam.org ni maktaba kubwa na safi ya Mashia Ithnaasheri, na ina vitabu vingi vya Kiswahili, vingi vikiwa vimefasiriwa hapa hapa Tanzania. Haifichi madhehebu yake; msomaji ndiye asiyetazama. IslamHouse, yenye kurasa za Kiswahili pia, inafuata mkondo wa maulamaa wa Saudi Arabia. Answering Islam ni ya Wakristo wanaoupinga Uislamu, nayo ina makala za Kiswahili zilizojaa aya na hadithi, mrithi halali wa maelezo ya padri Dale. Na ziko tovuti mbili za maswali na majibu zinazowapoteza hata wasomi: islamqa.info na islamqa.org. Ya kwanza iliasisiwa na Sheikh Muhammad Salih al-Munajjid wa Saudi Arabia. Ya pili inakusanya majibu ya masheikh mbalimbali, wengi wao wa madhehebu ya Hanafi, wenye asili ya Bara Hindi. Majina yanatofautiana mkiani tu, na mkia huo unaweza kuigawa nyumba.

Nieleze unavyoigawa. Kijana anauliza mtandaoni: je, mume akimgusa mkewe, udhu unatenguka? Jibu la Hanafi ni kwamba hautenguki kwa kugusa tu. Mwalimu wake wa chuo Usinge, aliyesoma Safina, amemfundisha tangu utotoni kwamba ngozi ya mwanamume na ya mwanamke wasio maharimu zikikutana bila kizuizi udhu umekwenda, na mke anaingia humo. Kijana anasoma simu, anarudi msikitini, anamwambia mzee mbele ya watu kwamba amewapotosha miaka yote. Mzee hajapotosha mtu. Amefundisha madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu walio wengi kuanzia Lamu hadi Ujiji, na hukumu hiyo imo katika Minhaji ya Nawawi. Tovuti nayo haikudanganya. Imejibu kwa madhehebu yake, na pengine iliyataja juu kabisa ya ukurasa, mahali ambapo kijana alipapita kwa kidole gumba. Kwa anayetaka majibu ya Kishafii kwa Kiingereza, SeekersGuidance kwa kawaida hutaja madhehebu ya jibu na jina la aliyejibu. Kwa Kiswahili hatujapata kitu kilichopangwa vizuri namna hiyo, na hilo ni deni la vyuo vyetu vikuu vya Kiislamu na la baraza letu la Waislamu, si la vijana wa Usinge.

Hadithi ndizo zinazosumbua zaidi, kwa kuwa ni fupi na zinaingia vizuri kwenye picha ya maua. Iangalie hii inayojulikana na kila mtoto wa shule: ile inayohimiza watu waifuate elimu hata kama ni Uchina. Hutajwa kwenye mahafali ya shule, na wanasiasa wanaipenda. Nenda kwenye tovuti ya Dorar, ambayo ni ya Kiarabu na ina chombo cha kutafutia hadithi. Andika maneno mawili matatu ya Kiarabu, hata kwa kunakili. Itakuletea matini, na chini yake jina la mpokezi, la mwanachuoni aliyeihukumu, la kitabu, na hukumu yenyewe. Utamkuta Baihaqi akisema matini ni mashuhuri lakini sanadi yake, yaani mnyororo wa wapokezi, ni dhaifu, na Ibn al-Jauzi akiitia katika mkusanyo wake wa hadithi za uongo. Kisha tafuta ile isemayo kwamba kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Muislamu. Hiyo imo katika Sunan ya Ibn Majah, na maulamaa wameijadili sanadi yake, wapo walioidhoofisha na wapo walioikubali kwa wingi wa njia zake. Kumbe hata hapa jibu si ndiyo au hapana, na mwalimu anahitajika.

Asiyejua Kiarabu atumie sunnah.com, yenye Kiarabu na Kiingereza sambamba. Ajihadhari na namba. Hadithi moja ya Sahihi ya Muslim inaweza kuwa na namba tofauti katika chapa tofauti, kwa hiyo usimwite mtu mwongo kwa kuwa namba yake hukuikuta. Tafuta kwa kitabu na mlango kwanza. Lakini ujumbe unaomalizika kwa maneno "Bukhari na Muslim" tu, bila namba, bila mlango, bila jina la sahaba aliyepokea, usiusambaze. Anayeijua hadithi anajua ilipo. Na ukisoma "imethibiti kisayansi" chini ya hadithi, ongeza mashaka mara mbili.

Klipu nazo zina ufisadi wake. Sheikh anafundisha saa nzima, anaeleza kauli ya wapinzani wake kwa uadilifu kabla ya kuijibu, na mtu anakata nusu dakika ile ya kauli ya wapinzani na kuipachika kichwa cha habari. Dawa ni kuitafuta darsa kamili. Isipopatikana, klipu hiyo haina ushahidi wowote juu ya sheikh. Ni ushahidi juu ya aliyeikata.

Siku hizi vijana wanaiuliza pia akili unde. Inajibu kwa Kiswahili kizuri, haichoki, haikaripii. Pia inaweza kukutungia hadithi isiyokuwepo, ikaipa kitabu na namba, kwa utulivu ule ule inaokupa nao majina ya masahaba kumi waliobashiriwa pepo. Ukiiuliza imesoma kwa nani, haina jibu. Itumie ikuelekeze kitabu, kisha ukifungue kitabu chenyewe. Ikishindwa kukuonyesha ukurasa, iache.

Watasema wengine kwamba nawarudisha watu kwa masheikh wa kijijini ambao nao hawajui kitu. Nimeisikia hoja hiyo, na ina ukweli wake. Wako waalimu wanaosimulia visa vya Mitume visivyo na kichwa wala miguu, na barua ya Sheikh Ahmad nao waliisoma msikitini, tena wengine wakilia. Suratul Hujurat, aya ya sita, inaamrisha habari ichunguzwe, na haikumtoa mwalimu wa chuo katika amri hiyo. Hata hivyo mwalimu wa Usinge ana kitu kimoja ambacho tovuti haina: kesho yupo. Akikosea leo, utamkuta alasiri kibarazani, utamwonyesha kitabu, naye atalazimika kujibu mbele ya watu wanaomjua yeye na wanaokujua wewe. Aliyeandika bila jina huko mtandaoni hakuna wa kumkamata kanzu.

Kwa hiyo ombi langu kwa vijana wa Kaliua, Urambo na Usinge ni dogo na lina gharama. Simu unayo na Kiingereza unakisoma kidogo. Mwalimu wako ana Kiarabu, ana fiqhi, na hana bando. Mnunulie. Kaa naye baada ya Isha, mfungulie Shamela na Dorar, umtafutie kile asichokuwa nacho kitabuni, naye akusomee kile usichoweza kukisoma. Na siku Sheikh Ahmad wa Madina atakapoingia tena kwenye grupu lenu, msimjibu kwa matusi. Andikeni jina lake, mwaka 1908, na neno Lindi, kisha muifute barua yake.